Siku Sahani Zilipopoteza Wenyewe

Waliokuwepo siku hiyo nitawataja wote, kwa sababu kisa hiki kimezunguka mtaa wetu wa Lanet mpaka nimewasikia watu ambao hawajawahi kukanyaga kwetu wakikisimulia kana kwamba walikuwa wameketi kwenye kochi. Alikuwepo Wairimu, mdogo wangu anayenifuata, ambaye siku yenyewe ilikuwa yake. Alikuwepo Njoki, kitinda mimba wetu. Alikuwepo Tata Wanja, dada ya marehemu baba, aliyefika kutoka Bahati asubuhi na mapema akiwa na kofia yake ya kanisani. Walikuwepo akina mama watatu wa chama chetu, Mama Kerubo, Mama Achieng na Mama Tito. Upande wa wageni, waliotoka Olenguruone, alikuwepo Kiprono, kijana aliyekuwa amekuja kujitambulisha kwa ajili ya Wairimu, na baba yake, na mama yake, na ndugu zao kumi na sita ambao majina yao nilijifunza baadaye (siku hiyo sikuwa na uso wa kumwuliza mtu jina). Na mimi Njeri, dada mkubwa, niliyeharibu kila kitu kwa mikono yangu mwenyewe. Aibu yake ninayo mpaka leo, kwa hiyo afadhali muisikie kutoka kwangu.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili, baba kwanza, mama miezi michache baadaye. Niliacha shule nikaenda kufagia kwenye karakana ya fundi mmoja wa friji mjini Nakuru, nikawa nafagia huku natazama, na baada ya miaka miwili nilikuwa nafungua mota mwenyewe. Sasa nina kibanda changu, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kufufua mashine za zamani za kuosha vyombo, zile nzito za mlango wa chuma. Dukani hutazipata. Utazikuta kwenye stoo za nyumba kuukuu za mashamba huko Njoro na Subukia, zimewekewa magunia ya mahindi juu, na mwenye nyumba anakushukuru kwa kumwondolea. Watu huniuliza kwa nini nisitafute mpya. Ya zamani ukiifungua unaona kila kitu kilipo na kazi yake, lakini hizi mpya zikiharibika zinakuwashia taa nyekundu na kunyamaza.

Hii ya nyumbani kwetu niliitoa Njoro. Panya walikuwa wamezaa ndani yake zaidi ya mara moja, pampu ilikuwa imeganda, raba ya mlango imekauka na kukatikakatika, na ile mikono inayorusha maji ilikuwa imezibwa na chumvi ya maji, nikazibua tundu moja baada ya jingine kwa sindano ya kushonea magunia. Ilinichukua miezi minne. Kitu kimoja tu nilikikosa, kile kidude kinachokata moto maji yakishapata joto la kutosha, nikaamua kuiunganisha bila hicho. Kwa hiyo maji yalikuwa yanachemka hasa. Lakini sahani zetu zilitoka safi kuliko za hoteli, na mashine ilitumia ndoo mbili za maji pale ambapo Njoki angetumia nne, na kwetu maji ya mfereji huja siku mbili tu kwa wiki, basi hakuna aliyelalamika. Tuliitumia kila siku. Majirani waliiita friji fupi.

Sasa, hiyo ziara. Mtu mwenye wazazi hawezi kuelewa vizuri nilivyokuwa najisikia. Mgeni anapokuja kuomba binti, anaangalia binti ametoka nyumba gani, na nyumba yetu ni mimi. Nilikuwa nimesikia (Wairimu alinificha, lakini Njoki hana siri) kwamba shangazi mmoja wa Kiprono aliuliza, "Hao watoto wamelelewa na nani?" Hilo swali lilikaa kifuani mwangu wiki tatu. Nilitaka watu wa Olenguruone waondoke kwetu wakiwa hawana la kuuliza.

Sisi tuna sahani sita. Kwa hiyo nikaazima kwa akina mama wa chama, kama tunavyofanya wote. Chama chetu huwa tunanunuliana vyombo, kila mwezi zamu ya mmoja, na kwa kuwa tunanunua duka lile lile la jumla, sote tuna sahani zile zile, nyeupe zenye ua la buluu. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha, ndiyo maana kila mama huweka nukta ya rangi ya kucha chini ya sahani zake. Mama Kerubo nyekundu, Mama Achieng zambarau, Mama Tito kijani. Waliniletea kumi na mbili kila mmoja. Za Mama Kerubo zilikuwa mpya kabisa, zamu yake ilikuwa imepita mwezi uliotangulia tu, na alizileta zikiwa bado zimefungwa kwa gazeti.

"Njeri, hizi hata mume wangu hajazilia chakula," akaniambia. "Nakupa wewe kwa sababu ni wewe."

Tuliambiwa wageni wanane. Saa nne walishuka kumi na tisa. Walikuwa wametoka Olenguruone kabla hakujapambazuka, baridi ya huko juu bado iko kwenye makoti yao, na Tata Wanja akaamuru wapewe chai na chapati na mayai hapo hapo kabla ya maneno yoyote, na sisi wenyewe tukala, kwa hiyo mpaka saa tano sahani zote thelathini na sita za kuazima, za kulia na za kupakulia, zilikuwa chafu na chakula chenyewe, kuku na mukimo wa viazi vya kuponda, kilikuwa bado kwenye sufuria.

Mama Kerubo akapandisha mikono ya sweta. "Leteni karai. Tukiwa watatu ni dakika kumi."

Na hapa ndipo nilipokosea. Ningesema tu "asante mama", leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Lakini niliwaza Mama Kiprono amekaa pale sebuleni, mlango wa jikoni uko wazi, na mashine yangu inayong'aa iko pale pale anapoweza kuiona, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni:

"Kaeni chini mama zangu. Leo hakuna mtu atainama kwenye karai nyumbani kwangu."

"Friji fupi itaweza zote hizo?" Mama Achieng akauliza.

"Hiyo ni kazi yake."

Nikazipanga zote thelathini na sita, nyingine nikazisukuma kwa goti. Kufika kwenye sabuni, ile yangu ninayochanganya mwenyewe kwa magadi na ndimu ilikuwa imeisha. Kulikuwa na sabuni ya unga ya kufulia. Nikajiambia sabuni ni sabuni (na mimi ndiye fundi, mimi ndiye huwa nawakataza wateja), nikatia viganja viwili vilivyojaa, nikafunga mlango, nikawasha, nikarudi sebuleni nikakaa karibu na Tata nikiwa nimekunja mikono kama mtu aliyeajiri wafanyakazi.

Mazungumzo yakaanza. Tata Wanja alisimama akasema kwamba kwa kuwa kaka yake hayupo, yeye ndiye atakayeuliza, na akauliza, "Wageni wetu, mmekuja kwa amani? Na mmekuja kutafuta nini?" Baba Kiprono, mzee mrefu wa maneno machache, akainuka, akavua kofia. Jikoni mashine ilikuwa inanguruma vizuri, na niliona Mama Kiprono akigeuza kichwa kuisikiliza. Nilifurahi. Nakiri, nilifurahi sana.

"Sisi tulipita njia," mzee akaanza, "na huko njiani kijana wetu akaona..."

Povu likatokea kwenye mlango wa jikoni.

Lilikuja pole pole, jeupe, nene, na halikuwa na haraka yoyote. Mzee aliliona kabla yangu. Lakini mtu mzima akishaanza maneno kama hayo hayakatishi, kwa hiyo akaendelea kusema jinsi kijana alivyoona nyumba yenye heshima huku akiinua kiatu kimoja, na povu lilipofika alipo akakiweka chini na kuinua cha pili, na alipofika kwenye "msichana aliyelelewa vizuri" alikuwa ndani yake mpaka kwenye vifundo, na Njoki alikuwa ameziba mdomo kwa mto wa kochi.

"Njeri," Tata akasema bila kunitazama, "kuna kitu jikoni."

Nilikimbia. Nikateleza, nikashika pazia la mlangoni, likaja na chuma chake. Jikoni povu lilikuwa limefika usawa wa droo, na Mama Tito amepanda juu ya stuli ameinua sufuria ya kuku kama mtu anayeokoa mtoto. Nikachomoa waya ukutani na kuvuta mlango wa mashine kwa nguvu. Mvuke ukatoka, kisha povu jingine, kisha zikaonekana sahani, zinang'aa, hakuna iliyovunjika hata moja. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Mama Kerubo akachukua moja kwa ncha ya vidole, akaigeuza. Akachukua ya pili, akaigeuza. Ya tatu.

"Nukta yangu iko wapi?"

Hakukuwa na nukta. Maji yale ya kuchemka na sabuni ile kali vilikuwa vimezibandua zote, na kwenye chujio nilikuta vipande vya rangi nyekundu, zambarau na kijani vimerundikana pamoja, kwa amani kubwa kuliko iliyokuwepo kule juu.

"Zangu ni hizi," akasema Mama Achieng, akichukua zilizokuwa mbele.

"Hizo hazina hata mkwaruzo, mama," Mama Kerubo akamjibu. "Zako zilikuwa na nyufa, nimekula kwako."

"Umekula kwangu mara ngapi ndio leo unihesabie nyufa?"

"Zenye nyufa ni za Mama Tito!" Mama Achieng akaongeza.

"Zangu?" Mama Tito akashuka kwenye stuli na kuku wake. "Zangu mimi? Rudia."

Sahani saba zilikuwa na nyufa, na hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuziona maishani mwake. Sauti zilipanda. Mlango uko wazi, pazia halipo, na kule sebuleni watu kumi na tisa wamekaa na miguu juu wakitusikiliza. Wairimu alikuja akasimama pale mlangoni, na kitenge chake kipya kimelowa mpaka magotini. Hakulia. Aliniuliza tu kwa sauti ndogo:

"Dada, kwa nini hukuwaacha waoshe?"

Nilichokuwa nawaza ni lile swali, wamelelewa na nani, na kwamba sasa nimewajibu.

Ndipo Mama Kiprono akaingia. Alikuwa amevua viatu na kuviacha sebuleni. Akatoa leso iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari, akajifunga kiunoni, akaniuliza:

"Karai liko wapi?"

"Hapana mama, tafadhali, wewe ni mgeni..."

"Nimekuuliza karai."

Nikampa karai. Mama mzazi wa kijana aliyekuja kujitambulisha, siku ya kwanza kuingia kwetu, aliinama akasuuza sahani thelathini na sita kwa maji ya mwisho ya tangi, na mimi nikizipokea na kuzipangusa, na wale mama watatu wamesimama ukutani kama watoto waliofukuzwa darasani. Alipomaliza akaweka saba kando, zilizobaki akazigawa mafungu matatu.

"Hizi saba zina nyufa," akasema. "Ni za huyu fundi. Yeye atawatafutia saba nzima. Kuna mwenye neno?"

Mama Kerubo akaitikia kwa kichwa, na wenzake wakafuata. (Hizo saba nilizinunua Jumatatu yake, hilo lilikwisha, na Mama Kerubo tunasalimiana.) Kisha akajinyoosha akishika mgongo.

"Na mimi nakudai nini?" nikajikuta nauliza, na kumbe nimeligeuza, nikarekebisha: "Yaani, mimi nitakulipa nini, mama?"

"Utaosha kwangu," akasema. "Olenguruone. Siku nitakayokuita, kwa mkono, na mimi nitakuwa nimekaa."

Chakula kililiwa saa tisa. Baba Kiprono alimalizia maneno yake akiwa ameazimwa ndara za Njoki. Walipoondoka, Wairimu alijifungia chumbani akisema hao hawarudi, na mimi nikakaa jikoni nikipangusa sakafu na kuamini hivyo hivyo, mpaka Tata Wanja alipokuja kuchukua kofia yake.

"Unalia nini wewe?"

"Tata, nimemwaibisha mtoto."

"Umemwaibisha, ndiyo. Lakini yule mama amekuwekea deni. Kwani mtu humwekea deni mtu asiyetaka kumwona tena?"

Walirudi baada ya mwezi, wengi zaidi. Wairimu sasa anakaa Olenguruone na ana mtoto. Kile kidude cha kukata moto nilikipata kwenye mashine nyingine iliyokufa, nikakifunga, na tunaiendesha kila siku kwa sahani zetu wenyewe. Chombo cha kuazima hakitaingia humo tena maadamu niko hai, na sabuni ya kufulia inakaa bafuni.

Lakini lile deni. Walipofanya sherehe ya mtoto nilibeba leso yangu na aproni, nikafika mapema, nikaenda moja kwa moja kwenye karai. Mama Kiprono akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti, akaniletea chai.

"Mama, nimekuja kulipa."

Akatazama uani, akahesabu watu kwa macho.

"Hawa ni mia moja tu," akasema. "Kunywa chai. Siku yako naitafutia sherehe kubwa."