Nilikifuta kifungu cha kufukia kibudu, kisha mgao wangu nikaufukia kimyakimya

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hii ID nimeifungua leo asubuhi kwa ajili ya uzi huu tu, msihangaike kutafuta nyuzi zangu za zamani. Kata sitaji, halmashauri sitaji, majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Nilijaribu kumwambia mchungaji nikashindwa, nikajaribu kumwambia mke wangu nikashindwa. Nyie hamnijui, labda kwenu itatoka.

Nilikuwa diwani. Kata yenyewe iko Shinyanga, njia ya kwenda Mwakitolyo, nusu wafugaji, nusu wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mimi nyumba yangu ipo Kahama mjini, Nyasubi. Kijijini kwenye boma la ukoo ng'ombe waliangaliwa na mdogo wangu, tumwite Ngasa, pamoja na mkewe Mama Kulwa.

Baada ya corona kutupitia, halmashauri ikaleta rasimu ya sheria ndogo ya kujiandaa na magonjwa ya mlipuko.

Wengi mnadhani sheria zinatungwa Dodoma tu. Bunge linatunga ile kubwa, sawa. Lakini nani apigiwe simu, nani alete chokaa, nani afunge mnada, hayo yanaamuliwa na watu kama mimi kwenye ukumbi wenye feni mbovu. Afisa sheria alituambia kabisa: sheria ya nchi ipo, sisi tunaiwekea miguu itembee huku kwetu.

Kabrasha la kikao nililetewa mapema. Nikaliweka kwenye dashibodi ya gari, likawa linanikinga jua.

Asubuhi ya kikao ndiyo nikalifungua. Nikakutana na kifungu kinasema ng'ombe akifa mwenyewe asichunwe, asiliwe, asiuzwe, mwenye mali atoe taarifa siku hiyohiyo na mzoga ufukiwe. Chini ya ukurasa maneno yalikuwa yanaendelea. Sikugeuza. Nilishapandisha hasira, nikaona nimepata hoja ya kuongea.

Kwa msiotujua: kwetu ng'ombe akifa hatupwi. Anachunwa, watu wanagawana, na kwenye ukoo wetu mguu mmoja wa nyuma lazima uende kwa kaka mkubwa popote alipo. Hata awe Dar, utatafutiwa basi. Kibudu kwa wengine ni haramu, kwetu sisi ni nyama.

Afisa mifugo wa kata, tumwite Mama Happy, aliitwa kwenye baraza kufafanua. Mama mpole, anatembelea pikipiki ya serikali isiyo na kioo hata kimoja. Akaeleza ugonjwa wa kimeta taratibu: ng'ombe anaanguka ghafla, damu nyeusi inatoka puani na haigandi, ukimpasua tu ugonjwa unatoka nje, na ardhi inakaa nao miaka.

Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu dada anataka tufanye matanga ya ng'ombe? Tuchonge na jeneza? Msukuma alimjua ng'ombe kabla vyuo vyao havijajengwa!"

Jamani, meza zilipigwa! Wenzangu walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Kifungu kikafutwa palepale, rasimu ikapita bila hicho. Kuanzia siku hiyo madiwani wakawa wanamwita Mama Happy "Matanga ya Ng'ombe", na jina hilo nililitoa mimi. Yeye tukikutana alinisalimia vilevile, "Mwangaluka mheshimiwa", kama hakuna kilichotokea.

Nilijiona jembe kweli.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, niko kwa kinyozi hapo Nyasubi, kichwa nusu kimenyolewa, Ngasa akapiga simu. Dume letu kubwa limekutwa limekufa zizini. Mama Happy amepita, kaliona, kawakataza kuligusa, kaenda kutafuta chokaa.

"Kaka, tufanyeje? Anasema tufukie."

Kwa kinyozi palikuwa pamejaa watu, na wote wananijua. Nikaongea kwa sauti ili wasikie.

"Hakuna sheria hiyo! Nimeifuta mwenyewe kwenye baraza. Chuneni, na mguu wangu usisahaulike."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mama Happy aliporudi na chokaa yake, ngozi ilishawambwa juani.

Sasa sehemu hii ndiyo nimefungulia ID.

Mguu ulifika mchana, umefungwa kwenye kiroba, umeletwa na bodaboda. Nikaufungua uani. Damu ilikuwa nyeusi kama oili chafu, bado inachuruzika, haijaganda. Nikamkumbuka yule mama neno kwa neno.

Wakuu, nilijua. Pale pale nilijua.

Mke wangu alikuwa sokoni. Nikachukua jembe, nikachimba nyuma ya choo shimo la kufika kiunoni, nikaufukia ule mguu na kiroba chake, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikachubuka. Mke aliporudi nikamwambia nyama haijafika. Mimi, bingwa wa kupinga matanga ya ng'ombe, nimemzika ng'ombe.

Simu ilikuwa mfukoni, ina salio na ina chaji. Kumpigia Ngasa kumwambia "acheni hiyo nyama" ni nusu dakika tu. Sikupiga. Nilikuwa nasikia vile atakavyoniuliza, "Kaka, si ulisema?" Nikajiambia labda ni wasiwasi wangu, labda wameshaichemsha sana, labda kesho nitapiga. Niliona aibu ya kusema nimekosea, basi, hakuna sababu nyingine.

Siku chache baadaye Mama Kulwa ndiye aliyepiga. Ngasa ana kidonda mkononi, cheusi katikati, hakiumi, ila mkono umevimba mpaka bega. Na tumbo linamkata, anatapika damu. Wakati wa kuchuna alikuwa amechoma ini akala palepale, kama wachunaji wote wanavyofanya. Watoto nao walikuwa na homa.

Niliendesha gari kama kichaa. Tukawapeleka hospitali wote. Watoto walipata dawa mapema, wakapona. Ngasa alikuwa amechelewa.

Daktari, kijana tu, akamuuliza mbele yangu na Mama Kulwa, "Ng'ombe alikufa mwenyewe na mtaalamu akawakataza. Nani aliwaambia mmchune?"

Ngasa akaniangalia. Mdomo umekauka, macho mekundu. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu.

"Hakuna mtu, daktari," akasema. "Ni tamaa yangu."

Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nikaangalia chini. Mdogo wangu alikufa kesho yake, na hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia.

Kwenye msiba Mama Happy alikuja na ile pikipiki yake. Akamwaga chokaa pale zizini walipompasulia dume, akachanja ng'ombe waliobaki, kisha akaja kunipa mkono. "Pole sana mheshimiwa." Machozi yanamtoka. Ningependa angenitukana.

Rasimu ikarudishwa kwenye baraza ili kifungu kirejeshwe. Safari hii kabrasha nililisoma lote. Nikageuza ule ukurasa.

Mnajua kulikuwa na nini upande wa pili? Kwamba mfugaji akitoa taarifa haadhibiwi. Kata inamletea chokaa na watu wa kuchimba, na ng'ombe wake waliobaki wanachanjwa bure. Bure, wakuu! Wapiga kura wangu wangenibeba mabegani kwa kifungu kile. Nilikifuta kwa sababu sikugeuza karatasi.

Nikasimama kuunga mkono hoja. Nikamtaja marehemu mdogo wangu, nikalia. Yalikuwa machozi ya kweli, siwadanganyi. Ukumbi mzima ukasimama. Redio moja ya huku ikanihoji, ikaniita diwani aliyegeuza uchungu kuwa sheria. Kuhusu simu sikusema neno, wala kuhusu ule mguu nyuma ya choo.

Kisha ikaja hatua ya maoni ya wananchi. Mkutano wa kijiji chetu, mtendaji anasoma rasimu, mimi nimekaa meza kuu. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Mama Kulwa akasimama. Amevaa nguo nyeusi, Kulwa na Doto wamemshika gauni huku na huku. Tangu aolewe na mdogo wangu alikuwa ananiita shemeji, hata jukwaani kwenye kampeni alinishangilia shemeji, shemeji.

"Shikamoo mheshimiwa," akasema.

"Marahaba."

"Mimi nina swali dogo. Hiyo sheria imesema atakayechuna atashtakiwa. Sasa mtu akiwa na ng'ombe aliyekufa, akampigia simu mheshimiwa kumuuliza, mheshimiwa akamwambia chuneni, hapo anashtakiwa nani?"

Watu wakaguna kidogo, wengine wakatabasamu, wakadhani anatoa mfano tu. Mimi nikaelewa kwamba asubuhi ile simu ya Ngasa ilikuwa loudspika, na yeye alikuwa amesimama pembeni. Alisikia vicheko vya pale kwa kinyozi. Hospitali alisikia na mumewe akinikingia kifua. Miezi yote hiyo hakumwambia mtu.

Alikuwa ananipa nafasi. Mbele ya kijiji kizima, kwa adabu yote, alinifungulia mlango nitoke mwenyewe.

Wakuu, mnajua nilijibu nini?

"Ni swali zuri sana. Tumelipokea, tutalifanyia kazi."

Akakaa. Mtendaji akaita swali linalofuata.

Sheria imepita, inafanya kazi. Juzi nimesikia ng'ombe wa jirani kafa, Mama Happy kapigiwa simu, kafukia, hakuna aliyeumwa. Uchaguzi ulipofika sikuchukua fomu. Mama Kulwa tukikutana ananiita mheshimiwa mpaka leo, ingawa mimi si diwani tena.

Nilichojifunza? Kama humu kuna diwani au mbunge, kabrasha ukipewa, geuza ukurasa, usisubiri makofi ya meza. Na ukigundua umekosea, piga simu siku hiyohiyo hata kama utachekwa. Mimi niliogopa kuchekwa na mdogo wangu, na sasa ningetoa chochote nimsikie akinicheka.

Comments ziko wazi, matusi pia napokea, mods msiyafute. Ila kabla hujanitukana, nisaidie kulijibu lile swali la Mama Kulwa, maana nilimwahidi tutalifanyia kazi na sijafanya.