Bingwa wa Kona

Pale senta ya Tumati, mwenye banda la gemu anataka tumwite dereva. Kutwa amekumbatia usukani wa plastiki wa gemu ya zamani ya mbio za magari, anapinda mgongo kila kona na kupiga honi kwa mdomo. Wazee wakipita, shikamoo anaitoa bila kugeuza shingo, eti atapata ajali. Jana Mama Marieta alimjia mbio. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi, na dereva wa pikapu ya parokia hakuwepo, ila funguo aliziacha.

"Mwanangu, nasikia wewe ni dereva."

Alilitazama gari, mikono bado kwenye usukani wa plastiki. "Mama, hilo lina klachi."

Tulipompandisha binti kwenye mkokoteni wa punda, nyuma yetu honi ya mdomo ilikuwa imeshaanza tena.