Vitabu vya Gitaa vya Baba

Enzi zetu pale Edmonton, sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia kwenye maghorofa ya kupanga ya kaunsili, serikali ya mtaa, Jumamosi asubuhi ilikuwa ya chuo, Kurani kwa maalimu. Jioni nyumbani kwetu kulikuwa na chuo cha pili, cha gitaa, na mwalimu wake baba.

Baba alikuwa mwoka mikate kiwandani. Mashine ilimkata kidole kidogo cha mkono wa kushoto kabla sijazaliwa. Gitaa alilijua tangu Unguja, kwa kusikia tu, na kidole kilipokwenda akaona ndiyo basi. Mpaka siku aliyokuta vitabu vitatu vikongwe kwenye duka la mitumba, kurasa za manjano, vinanuka unyevu. Vitabu vya kufundishia, vilivyotungwa na mabwana wa Kihispania na Kitaliano huko Paris karibu miaka mia mbili nyuma. Unaanza na nyuzi tupu, halafu gumba na vidole kupokezana, halafu kiwimbo cha dansi, na kila ukurasa mgumu kuliko uliopita. Kwenye noti kuna namba ya kidole cha kutumia. Baba kila penye namba ya kidole kidogo akaikata, akaandika njia yake kwa penseli. Miaka hiyo kazi yake, kutafuta pa kupita kwa vidole vitatu.

Alitusomesha kichuochuo. Hufungui ukurasa wa pili mpaka wa kwanza uupige bila kuutazama, macho yapo dirishani. Kaka yangu Khamis alikaa ukurasa wa tano Ramadhani mbili. Ukimaliza sehemu mama anapika visheti, majirani wanaitwa, kama mtoto aliyehitimu juzuu. Nyumba inanuka iliki na nguo mbichi zilizoanikwa juu ya hita. Ukilia vidole vinauma, baba anakwambia, "Lia, lakini gumba lisisimame."

Kati ya watunzi wale aliyempenda zaidi ni Mhispania mmoja aliyekimbia kwao kwa siasa asirudi tena. "Mkimbizi huyu, kama babu yenu," akisema. "Nchi wamemnyang'anya, mkono kaja nao."

Bibi, mama yake baba, akisikia mabwana hao wanavyotajwa kwa heshima, akajua ni walimu wa mwanawe waliokufa. Siku ya hitma ya babu, kisomo cha kumrehemu, akampa maalimu majina yao pamoja na ya marehemu wetu. Maalimu akayasoma, akayavunjavunja, ukumbi mzima ukaitikia amin! Baba kainama, analia. Tulipomcheka njiani akasema, "Wamenifundisha. Mnataka nini?"

Baba amefariki majira haya ya baridi, mama alishatangulia. Mimi nilikuwa hospitali, nimepasuliwa kumtoa mtoto, hata kuinuka siwezi. Kaunsili wanataka nyumba yao. Nikampigia Khamis: chukua TV, chukua zulia, chukua vyombo vyote, vitabu vya gitaa niwekee nimsomeshee Rahma, binti yangu mkubwa. Akasema, "Usijali, bibie."

Usijali! Akavitupa kwenye kontena la taka pamoja na magodoro.

"Zuhura, vile vilishaoza, vimejaa ukungu," ananiambia, bila haya. "Na vyote vimo kwenye intaneti, bure. Nishakutumia."

"Vyote vipi?"

"Vilevile! Kurasa zilezile!"

"Namba za baba zimo?"

Akaanza tena habari ya ukungu.

"Khamis, namba za baba zimo?"

"Sasa mimi ningejuaje kama zile penseli…"

"Ungejuaje? Wewe, uliyezitazama Ramadhani mbili ukurasa mmoja?"

Akakata simu. Mke wake akanitumia ujumbe kwamba nina hasira za uzazi. Sina hasira za uzazi. Nina hasira za Khamis.

Kwa sababu mimi nilifika katikati ya kitabu cha pili, nikaolewa. Mpaka pale, mkono wa baba ninao. Kutoka pale mpaka mwisho wa cha tatu alikuwa nao yeye peke yake, na ile penseli.

Watoto wa siku hizi wanajifunza kwa bwana wa kwenye simu. Akiwachosha wanamsukuma juu, anakuja mwingine, ana meno meupe na njia ya mkato. Hakuna anayeng'ang'ana na ukurasa, hakuna anayepikiwa visheti. Rahma namkalisha kila Jumamosi kwa nguvu, nasomesha kutoka kichwani, ananinung'unikia kwa Kiingereza. Lakini anapokea haraka, na hilo ndilo linalonitisha. Enzi zetu ukimuuliza baba, "Halafu inakwendaje?" anavuta kiti, anakuonyesha. Rahma atafika pale nilipoishia, ataniuliza vilevile, na mimi nitamwambia sijui, mwanangu. Kamuulize mjomba wako.