Mkwaruzo Uliokosekana kwenye Ombi la Hataza

Mawakili wenzake walimwita Mzee wa Maabara, ingawa ilikuwa imepita miaka mingi tangu kifua chake kishindwe kustahimili mivuke ya dawa, akaacha utafiti wa kemia ya kaboni na kwenda kusomea sheria. Kazi yake sasa ilikuwa kuandika maombi ya hataza, hati inayomlinda mvumbuzi asiibiwe alichokibuni. Mara kwa mara alihisi kwamba ujanani alitwanga maji kinuni.

Asubuhi hiyo alikuwa katika maabara ya mteja wake, mama aliyebuni dawa ya kuzuia ukungu wa mbegu. Ombi lilikuwa karibu kupelekwa, lakini maabara nyingine iliyofuata maelezo yake neno kwa neno ilipata uji mzito badala ya fuwele, zile chembe ngumu za dawa. Na sheria haina huruma: maelezo asiyoweza kuyafuata mtaalamu mwingine hayapewi hataza.

"Wananiona mwongo, kaka," alisema mama yule. "Jasho langu lote hilo!"

"Basi itengeneze mbele yangu, dada. Usinieleze, fanya tu."

Akapasha moto, akachuja, akakiweka chombo kwenye barafu. Kimiminika kikatulia tuli, kama mkaidi aliyeitwa na wakubwa. Huku akilalamika, mama akashika kijiti cha kioo na kukwaruza nacho upande wa ndani wa chombo, kwiri, kwiri. Fuwele zikajitokeza, nyeupe kama chumvi.

"Hapo! Umefanya nini?"

"Si nimekoroga tu?"

"Umekwaruza, dada. Hilo hukuliandika."

Mama akautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. "Ala! Kwani hilo nani asiyelijua?"

"Waliopata uji."

Wakili alilijua kwa sababu ya mwalimu wake wa utafiti, mwanamke mkali aliyekuwa akisimama nyuma yake na kusema, "Mkune, mwanangu, huyo haamki bila kukunwa." Fuwele huhitaji mahali pa kuanzia, na mkwaruzo huzipa.

Waliongeza sentensi moja. Maabara ile ikarudia kazi, ikapata fuwele, na ombi likapelekwa.

Jioni ya siku ombi lilipopelekwa, wakili alimpigia simu mwalimu wake, sasa mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbe ni wewe, uliyetukimbia ukavae tai!"

"Sikufika mbali. Leo umemwokoa mteja wangu." Akamsimulia yote. "Nimepiga kukushukuru."

Mwalimu akakohoa. "Na kijiti nilichokupa siku ya kuagana?"

"Ninacho mezani. Nakorogea chai."

"Mtovu wa adabu!" alifoka mwalimu, na kicheko kikamshinda.