Nilipanda mnazi wa mwanangu Birmingham, mama akaniumbua

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na sipunguzi hata pale panaponiaibisha.

Mimi ni mtu wa Pangani, naishi Erdington, hapa Birmingham. Kwetu mtoto akizaliwa anapandiwa mnazi, unakuwa wake. Binti yangu alipozaliwa, mama akapiga simu: "Mnazi wa mjukuu wangu umeshaupanda?"

Mwenye akili angesema huku hauoti. Mimi nikajibu, "Tayari, mama."

Nikaagiza mche online, nikauchomeka garden. Ilikuwa Julai, jua linawaka, nikajiona bwana shamba kabisa.

Jirani yangu Mkongo, Papa Olivier, akachungulia juu ya fence: "Papa, hii kitu itakufa. Baridi ya huku haina pitié, haina huruma." Nikajua ana wivu tu.

Oktoba majani yakawa kahawia. Nikaufunga bubble wrap, juu yake blanketi la wageni. Mke wangu alininunia siku mbili. Desemba ukaoza, nikaung'oa kwa vidole.

Miaka minne namwambia mama unakua vizuri. Ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu, namdanganya mzazi habari za mti.

Mwaka huu dada akamnunulia smartphone. Mama akataka picha.

Nikakimbilia garden centre, nikanunua mti wa jamii ya mnazi unaohimili baridi, majani yake mapana kama feni. Nikamsimamisha binti pembeni, nikapiga, nikatuma.

Wakuu, mama yangu anasuka makuti tangu sijazaliwa! Na degree yangu nikadhani hataona.

Akapiga dakika ileile. "Huo mvumo. Mnazi uko wapi?"

Binti akadakia: "Bibi, Baba just bought it!" Mama Kiingereza hajui, ikabidi nitafsiri mwenyewe.

Nikakiri yote, mpaka blanketi. Mama akacheka, kisha akasema:

"Wa kwake niliupanda mimi hapa uani, nilijua huko hauoti. Miaka minne unavisha miti mablanketi, mtoto hujamleta hata nikambeba. Au na yeye utanitumia wa dukani?"

Wakuu, iliniuma.

Nilichojifunza: nilihangaikia mti ili nisihangaikie safari. Tiketi za Agosti nimeshakata.

Mliopanda minazi Ulaya, njooni mnicheke, ruksa. Ila semeni kwanza: hao watoto wenu, bibi zao wameshawabeba?