Wiki Mbili za Kuzoea

Tangu nikiwa darasa la tatu, kila miwani mipya ilikuja na amri ileile: ngoja wiki mbili, utazoea. Sakafu inapanda, ngazi zinakukimbia, kichwa kinauma, kisha siku moja mambo yanatulia. Nilizoea mara saba.

Ya nane niliichukua mtaani Tena, nilipokuwa nauza nguo za watoto za mitumba, kwa fundi wa miwani mwenye kibanda karibu na soko. Siku ya tatu jicho la kulia likaanza kutoa cheche pembeni, na vidoti vyeusi vikaelea kama masizi. Nikarudi kwake. Hata hakuinuka kitini.

"Mathe, hizo ni lenzi mpya. Pea macho wiki mbili, itazoea tu."

Mume wangu akasema hivyohivyo. Nami, mjinga wa kupindukia, nikakubali. Siku ya sita pazia jeusi likaanza kushuka. Nikawa nageuza shingo kutafuta madoa kwenye magauni, wateja wakicheka, nami nahesabu siku kwenye kalenda. Hasira ya kalenda ile ninayo hadi leo.

Siku ya kumi na nne jicho lile liliona mwanga tu.

Daktari hospitalini alinieleza polepole. Jicho la mtu anayeona karibu tu, tena vibaya kama mimi, huwa refu, na utando wake wa nyuma huvutika ukawa mwembamba. Wangu ulichanika siku ya cheche, kisha ukabanduka.

"Ungekuja siku ile, tungeuziba kwa miale ya leza. Hata pazia lilipoanza, upasuaji ungeokoa mengi. Kwa nini ulingoja?"

Walinipasua hata hivyo. Nilipata kuona kivuli cha mkono wangu, basi.

Miaka miwili baadaye cheche zikaja jicho la kushoto, asubuhi, nikiwa sokoni. Niliacha magauni chini nikakimbia. Jioni nilikuwa nimeshachomwa miale, na jicho hilo ndilo ninaloandikia.

Nilipopata nafuu nilikwenda kibandani kumtukana yule fundi. Nikamkuta mwanamke mwenye miwani mizito kama yangu akilalamikia vimulimuli, naye fundi anamwambia angoje.

"Dada, twende hospitali," nikasema. "Leo hii!"

"Mathe, unaniharibia kazi!" fundi akafoka. "Kwani wewe hukuzoea?"

Nilizoea, kweli. Chai naimimina nikigusa ukingo wa kikombe kwa kidole. Nilimshika yule dada mkono, tukaondoka.