Ubao wa Mbele wa Bunduki ya Mzee Kirunda

Mume wangu Bruhan hajui kukaa. Tangu anioe hapa Namakwekwe, mtaa wa Mbale, nimemwona akila amesimama, sahani mkononi, macho mlangoni. Akiketi, ni kwenye kigoda cha pembeni, mgongo ukutani, na hata hapo hatulii, utadhani kuku anayetafuta pa kutagia. Wageni hufikiri ninamnyima kiti. Nimesema mpaka nimechoka. Nusu ya mji inalala kwenye vitanda anavyochonga, naye mwenyewe kupumzika hajui!

Sababu naijua. Alizaliwa Jinja. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, akiwa bado mtoto wa kaptula, walikuja kwao wakagonga mlango kwa vitako vya bunduki wakipiga kelele, "Fungua!" Baba yake akafungua. Wakamchukua, na mpaka leo hatuna kaburi la kuzuru. Kiswahili chao, lugha ya jeshi hapa Uganda, Bruhan alikisamehe, maana sisi Waislamu tunakisema nyumbani. Bunduki hakuisamehe. Akimwona mlinzi wa benki upande huu wa barabara, yeye huvuka upande wa pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa hilo sijawahi kumcheka.

Sasa mwaka huu baba yangu mdogo, Mzee Kirunda wa Jinja, akamtafutia kazi ya balaa. Mzee ana bunduki ya zamani yenye kibali, ile ambayo ukishusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini yake, risasi nyingine inaingia. Anaitumia kutisha viboko wanaopanda kutoka Nile kula mahindi ya watu. Aliteleza matopeni, na ubao wa mbele, ule unaoshikwa kwa mkono wa kushoto chini ya mtutu, ukapasuka vipande viwili. Wakulima wanaomlipa wakamwambia wazi kwamba asipoitengeneza watatafuta mtu mwingine. Nilipokwenda kumsalimia akanipa vile vipande, vimefungwa gazetini, nimpelekee mkwe wake.

"Ubao nitachonga," Bruhan aliniambia. "Bunduki yenyewe sishiki. Mwambie mapema."

Alichonga kwa mvule mkavu, akifuata vipande vya zamani: mfereji wa kulaza mtutu, na chini yake njia ya kupita bomba la risasi. Ulipokwisha pigwa msasa hata mimi niliupapasa nikasahau ni wa nini. Tukaupeleka Jinja pamoja, kwa kuwa mkwe hatumi kazi yake kwa mikono ya watu.

Mzee alikuwa ameandaa meza sebuleni. Akaifungua bunduki mbele yetu tuone ni tupu.

"Risasi iko ndani kwa mama yenu, kwa kopo," alisema. "Hii sasa ni chuma tu, mkwe. Haiumi."

Bruhan akaitikia kwa adabu, kisha akatoka nje. Akarudi. Akatoka tena. Mimi nilikaa nikiona aibu na huruma kwa pamoja. Mzee akaanza kazi peke yake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mikono yake inatetemeka. Ulimi wa ubao ulitakiwa uingie kwanza kwenye mdomo wa chuma mwilini mwa bunduki, kisha bomba lipenye, kisha pete ya chuma ivishwe kutoka mbele na kufungwa kwa skrubu. Ubao ukagoma njiani. Skrubu haikuona tundu lake, ikaanguka chini ya kochi.

"Banange, jamani, inataka kupigwa kidogo," akasema mzee, akanyanyua nyundo.

"Usipige!"

Bruhan alivuka sebule kwa hatua mbili, akampokonya mkwewe nyundo, akampokonya na bunduki. Kumpokonya mkwe kitu mkononi! Ningeweza kuzama sakafuni.

"Utaupasua tena, mzee," alisema. "Ubao haulazimishwi."

Kisha akatazama alichoshika. Jasho likamtoka. Nilisubiri aitupe, lakini hakuitupa. Aliomba tadoba, ile taa ya kopo yenye moshi, akafukiza mdomo wa chuma hadi ukawa mweusi, akausukuma ubao taratibu na kuuvuta. Palipobaki doa jeusi ndipo palipogusa. Akapakwangua kwa patasi, akajaribu, akakwangua tena. Mwisho ubao ukaingia wenyewe, bomba likapenya, pete ikakaa. Nikatafuta skrubu chini ya kochi, nikampa.

Mzee akafurahi kupita kiasi. Akaichukua bunduki na, kabla sijamzuia, akagonga kitako chake sakafuni kwa nguvu, kama alivyozoea, asikilize kama kuna kinacholegea.

Mlio ule! Bruhan akaganda, mgongo umenata ukutani. Nilimwita jina, hakunisikia. Nilimchukia mzee wa watu, naye hakuwa na kosa.

"Gonga tena," Bruhan akasema.

"Bruhan, twende," nikamwambia.

"Gonga tena, mzee."

Mzee akagonga. Bruhan akainamisha kichwa, jicho moja amelifumba, vile anavyosikiliza mguu wa kitanda.

"Pete inacheza," akasema. Akaikaza skrubu mwenyewe. Kisha akaisimamisha bunduki, akaiinua, na safari hii akagonga yeye. Ulisikika mlio mmoja mkavu, bila mwangwi wa chuma. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na masizi.

Tuliporudi Namakwekwe nilimpakulia matoke na maharage. Akavuta kiti, akaketi mezani, mgongo ameupa mlango. Nje bodaboda ikalipua ekzosi, naye akaruka, kijiko kikaanguka. Nilijua sasa atahamia kwenye kigoda chake.

Akaokota kijiko, akakifuta, akaketi palepale. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Nikaenda nikakaa upande wa pili wa meza, nimtazamie mlango mimi.